Mlango wa Nne

Bweni la chuo
Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Shangazi,

Milango yangu mitatu imenyooshwa. Aliyeniambia ni mpiga rangi wako, leo asubuhi, akiwa amesimama na baiskeli yake kwenye geti la chuo, na aliniambia bila kuulizwa. Alisema, "Ile milango yako imetoka safi sana, mtu hawezi kujua kama iliwahi kugongwa." Alidhani ananipa habari njema.

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umepoa. Mimi ni mzima wa mwili. Simu yako inaita kisha inakatwa, inaita kisha inakatwa, kwa hiyo naandika, na barua nimempa huyohuyo mpiga rangi akuletee kwa kuwa anapita hapa kila siku akija kazini kwako.

Naomba nielezwe. Nilileta milango minne gerejini kwako kwa sababu stoo ya chuo inaezekwa upya na kila kitu kimetolewa nje. Uliniambia niiweke nyuma, karibu na matairi. Nikaiweka. Haikuwa kazi ya mteja wala chuma chakavu. Ilikuwa kazi yangu ya mwaka mzima, na unajua ni kazi ya namna gani, kwa sababu nilikueleza tukiwa tumesimama palepale kwenye matairi, ukanitazama kama mtu anayeuziwa gari lisilo na injini.

Nakueleza tena, safari hii kwa maandishi. Nachukua injini iliyokufa. Naining'iniza kwa mnyororo kwenye boriti. Mbele yake nasimamisha mlango wa pikapu, nimeufunga kwenye fremu ya chuma usiyumbe. Naivuta injini nyuma mpaka kimo cha bega, naiachia. Inapiga mara moja, basi. Milango yote minne ni ya pikapu za aina moja. Mnyororo ni uleule, uzito uleule, kimo kilekile. Kinachobadilika ni bati tu, na kila bati linajibu kivyake. Jibu lake ndiyo sanamu. Ukiutoa mbonyeo, kilichobaki ni mlango wa gari.

Watahini wanakuja Jumatano, tarehe 20. Nisipokuwa na kitu cha kuwaonyesha nitatolewa chuoni. Mwaka jana nilipewa onyo, na onyo hapa ni moja tu. Hilo unalijua vizuri, maana siku niliyokuja kukuambia kuhusu onyo ulinijibu kwamba ovaroli yangu bado ipo kwenye msumari wake.

Nauliza mambo mawili. Nani alinyoosha? Na mlango wa nne uko wapi? Mpiga rangi anasema yeye kaletewa mitatu tu.

Mpwa wako.


Gereji
Jumanne, tarehe 5 Novemba

Wewe mtoto wa kaka yangu,

Salamu yako nimeiona. Sijaipokea. Nimeiweka hapo mezani pamoja na barua mpaka nitakapoamua.

Mgongo wangu ni wangu.

Umeuliza nani alinyoosha. Nilinyoosha mimi, kwa mikono yangu hii, na sikusaidiwa na mtu. Mpiga rangi nilimpa apake praima tu, ile rangi ya kwanza. Sasa na mimi nikuulize. Wewe umekulia wapi? Umelala kwenye viti vya magari ya watu humu ndani kabla hujajua kutembea. Alama za chaki za gereji hii ulizijua kabla ya kujua a, e, i, o, u. Nieleze, duara maana yake nini hapa? Duara maana yake nyoosha. Mistari miwili iliyopishana maana yake usiguse. Aliyeweka utaratibu huo ni baba yako, na haujabadilika. Hata mkokoteni wa maji ukiingia hapa na duara la chaki, utatoka umenyooka, mwenyewe apende asipende.

Nikaenda nyuma kwenye matairi nikakuta milango. Kila mlango una mbonyeo, na kila mbonyeo umezungushiwa duara la chaki nyeupe, duara safi, limefungwa vizuri, ungedhani kalichora baba yako. Nani kachora? Paka?

Kwa hiyo usiniandikie kama polisi. Uliingia gerejini kwangu, ukachora duara gerejini kwangu, ukaondoka. Nikanyoosha. Mteja mwingine angesema ahsante.

Na hilo jambo la jibu la bati sijalielewa na sina nia ya kulielewa. Bati zima, lisilo na kosa, unalipiga kwa injini, kisha wanakuja watu wenye miwani wanazunguka wakikuna kidevu. Hapa kwangu kuna foleni ya watu waliopata mbonyeo barabarani bila kulipa ada ya chuo. Kama hiyo ndiyo sanaa, madereva wa teksi wote wa mji huu ni maprofesa.

Ovaroli ipo kwenye msumari, ndiyo. Nimeifua na kifungo kilichokatika nimekirudisha.

Mlango wa nne usiniulize mimi uko wapi. Jiulize wewe uliutoa wapi.

Shangazi yako.


Bweni la chuo
Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Shangazi,

Sikuamkii leo. Ya Jumatatu bado iko mezani kwako, sitaki zirundikane kwako.

Maduara ni yangu. Mpiga picha wa chuo aliniomba nimwonyeshe pa kuelekeza taa, nikachukua chaki, na mkono ukachora ulichozoea kuchora. Nilikuwa chuoni, si gerejini, kwa hiyo sikufikiri. Nilipoileta milango kwako sikuyafuta. Huo ni uzembe na ni wangu.

Lakini kila mlango ulikuwa na karatasi, imefungwa kwa waya kwenye kishikio. KAZI YA CHUO. USIGUSE. Niliandika kwa wino usiofutika na nikaifunga ndani ya nailoni kwa sababu ya mvua. Kwenye barua yako hujaitaja hata moja. Nimemuuliza mpiga rangi. Amesema ulizifungua mwenyewe, ukazisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote, ukamwambia mchomeleaji, "Sikia, tumepigwa marufuku kwenye gereji yetu." Mkacheka. Kisha ukazitia kwenye mfuko wa aproni na ukaitisha nyundo.

Basi tusidanganyane kuhusu chaki. Chaki ilikufaa tu. Hukuwahi kutaka nikae chuo hiki. Ulisema nitarudi baada ya muhula mmoja, sikurudi. Ulisema baada ya mwaka mmoja, sikurudi. Sasa zimebaki siku chache na umenyoosha kazi yangu.

Nimejaribu kutengeneza upya. Haiwezekani hapa. Msimamizi wa karakana amefungia mnyororo wangu kabatini na funguo anatembea nazo shingoni kama filimbi. Kisa ni mlango wa nne. Injini ilipoupiga, ilirudi nyuma kwa nguvu kuliko mara zote tatu, ikapita karibu na bega lake mpaka akaangusha chai. Alisema maneno ambayo siwezi kukuandikia, kisha akasema, "Jaribio limekwisha, binti. Nenda kafinyange udongo kama wenzako."

Na mlango huo najua niliutoa wapi. Niliutoa stoo yako, nyuma ya vioo, chini ya pazia la zamani. Ni mlango wa dereva wa pikapu ya muuza maziwa, wa mwisho ambao baba aliunyoosha kabla hajafa, na muuza maziwa hakurudi kuuchukua. Hukuwahi kuruhusu mtu aupake rangi. Kila fundi mpya unampeleka pale, unamwambia afumbe macho apitishe kiganja juu ya bati, na akipata mahali palipokuwa pamegongwa aseme. Hakuna aliyewahi kupapata. Na mimi ulinifumbisha macho mara ngapi, sikupapata.

Sikuuchukua kwa bahati mbaya. Nilijua ni upi. Miaka yote tunaambiwa jinsi ulivyo laini. Hakuna aliyewahi kuuliza una nguvu gani. Mimi nikauliza.

Nataka nijue kama umeugusa.

Mpwa wako.


Gereji
Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Mpwa,

Umeuliza, sasa sikiliza na usinikatize.

Karatasi zako nilizisoma na zilinichekesha. Ni kweli. Nilijua milango ni ya kazi yako, na hilo ni kweli pia. Wala hukuhitaji kumhoji mpiga rangi wa watu, ungeniuliza ningekwambia. Mimi sijifichi nyuma ya chaki. Nilitaka kuiacha milango ilivyo. Nilikuwa naisogeza tu ili lori la vioo lipite, nikavuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikavuta wa nne. Nikaujua kabla sijauona vizuri. Niliujua kwa uzito wake na kwa ule upande wa chini ambako kaka yangu alikuwa akikunja bati kwa namna yake.

Katikati pana shimo.

Hapo ndipo nilipofungua zile karatasi. Nikaagiza nyundo. Nilianza na mitatu yako ili mkono upate moto, na nilikuwa na nia ya kumalizia na ule.

Nilikaa na kaka yangu kwenye ule mlango. Nilimshikia chuma kwa nyuma wakati yeye anapiga kwa mbele. Alikuwa anakohoa, anakaa chini, anainuka, anapiga kidogo kidogo. Nikamwambia, "Kaka, huyu muuza maziwa hajali, mpakie puti twende nyumbani." Akaniambia, "Puti ni ya watu wenye haraka." Hakutumia puti kujazia bati. Ule mlango hauna hata kijiko cha puti. Wewe ukauvua pazia, ukaubeba kwa siri, ukauning'inizia injini. Umempiga baba yako mbele ya watu wa kunywa chai.

Alikuita Kinyundo kwa sababu ulikuwa unamfuata kila anapokwenda ukimsaidia kugonga. Sijui leo angekuita nani.

Milango yako mitatu imekauka praima. Tuma mtu aje aichukue. Ukiitaka kwa watahini wapelekee, waambie ni kazi ya shangazi yako, maana hapo ndipo penye kazi. Mlango wa nne hautoki humu. Kama nimeugusa au sijaugusa, si habari yako tena.

Tarehe 20 ikipita, msumari unaujua ulipo. Hapa utaanza kwa msasa kama kila mtu. Sitakupendelea.

Mpiga rangi nimemkataza kubeba barua zako. Amesema hata hivyo alishachoka, hakusomea uposta.

Shangazi yako.


Bweni la chuo
Jumatano, tarehe 13 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika kwa sababu baba alinizoeza, si kwa sababu nimetulia.

Barua hii imeletwa na mpiga rangi. Anasema umemkataza kubeba, hukumkataza kuangusha. Ataiangusha mbele ya ofisi yako, na kuokota ni hiari yako.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa nasubiri picha. Mpiga picha wa chuo amenipa jana. Milango yote minne aliipiga picha kwa taa ya ubavu, siku moja kabla sijaileta kwako, na kwa taa ya ubavu kina cha mbonyeo kinaonekana kama ukiwa umesimama pembeni yake. Nimeziweka mezani kwa mpangilio. Nikamwita mwalimu wangu wa uchongaji azitazame bila kumwambia mlango upi ni upi. Alizitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye ya nne, akauliza, "Huu ulipigwa kwa kimo kidogo?"

Haukupigwa kwa kimo kidogo. Ulipigwa kama wenzake. Mitatu ile ilimeza injini. Bati lilizama, likakunjika kwenye pembe, na injini ikabaki imelala pale imechoka. Mlango wa baba ulilia kama kengele, injini ikarudi. Ndiyo maana msimamizi aliangusha chai. Mbonyeo wake ukiuwekea kiganja, kiganja kinaujaza wote, lakini kwenye ile mingine mitatu kiganja hakikufika chini. Wewe uliuita shimo. Hukuupima na ile mitatu, uliuangalia peke yake na kwa hasira.

Sababu unaijua, tena ulinifundisha wewe. Bati lililopitiwa na nyundo linakuwa gumu. Akilipitia fundi asiyejua kuacha, linakuwa gumu mpaka linapasuka. Akilipitia mwoga, linabaki laini. Baba alilipitia lote, sehemu iliyogongwa na isiyogongwa, akaacha mahali pa kuacha. Hilo kwa kiganja halionekani. Mafundi wote uliowafumbisha macho pale walikuwa wanagusa nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ilionekana mlango ulipopigwa na injini, na walioiona ni mimi na mtu mmoja mwenye shati lenye chai.

Kwa hiyo sikumpiga baba. Nilipiga bati, na bati likaonyesha nani alipita hapo.

Sasa nakueleza ulichofanya, maana sidhani kama umekiona. Mlango wa nne peke yake hausemi kitu. Mbonyeo mdogo bila mikubwa pembeni yake ni mbonyeo mdogo tu, yeyote anaweza kusema injini ilipiga vibaya. Ushahidi ulikuwa ile mitatu. Ulikuwa na ushahidi wa kazi ya kaka yako nyuma ya matairi yako, ukaunyoosha, ukaupaka praima.

Mwalimu anasema nipeleke picha. Sipeleki picha. Watahini watasema ni mwanga.

Ninachohitaji ni boriti, mnyororo na injini iliyokufa. Hapa sina. Mahali pengine ninapopajua penye vyote vitatu ni kwako. Siombi msamaha. Naomba winchi yako ya kuinulia injini kwa saa chache, niipige ile mitatu upya.

Na kama mlango wa nne umeshaunyoosha, usijibu. Nitaelewa, na Alhamisi ya tarehe 21 nitakuja kuvaa ovaroli.

Mpwa wako.


Gereji
Ijumaa, tarehe 15 Novemba

Kinyundo,

Mlango wa nne sijaunyoosha. Anayesema hivyo ni mimi, na kama huamini mwulize huyo mpelelezi wako wa rangi, nimempitisha stoo akaushike mwenyewe kabla sijampa barua hii. Nimemwambia aibebe mkononi, asiangushe. Hapa si jalalani.

Sikuuacha kwa ajili yako, usivimbe kichwa. Nilijaribu. Jumamosi ileile niliyokuandikia niliulaza kwenye meza, nikaweka chuma kwa nyuma, nikapiga nyundo ya kwanza. Nyundo ikarudi. Nikasema mkono umechoka. Nikapumzika, nikapiga ya pili, ikarudi tena, na bati halikusogea hata kidogo. Mitatu yako ilikuwa inanifuata kama unga wa chapati. Ule ulikuwa unanirudishia. Nikakaa kwenye ndoo nikautazama, nikaufunika pazia. Nilidhani ni ubishi wa kaka yangu tu, alikuwa mbishi hata akiwa mgonjwa. Barua yako ikafika.

Nimeisoma mara moja, kisha nikaenda stoo nikaweka kiganja kwenye mbonyeo. Kinaujaza kama ulivyosema. Sitasema zaidi ya hapo.

Sasa kuna jambo ambalo wewe na mwalimu wako hamjalifikiri, pamoja na usomi wenu. Unataka kuipiga ile mitatu upya ili iwe kama zamani. Haiwezi kuwa kama zamani. Imepita kwenye nyundo yangu. Si milango uliyoileta, ni milango ya kwangu. Ukiipiga sasa, anayejibu si bati la kiwandani. Ni mimi.

Na mimi nataka kujua.

Nimefanya kazi pembeni ya baba yako tangu nikiwa msichana. Nimeshika chuma kwa nyuma, nimepiga kwa mbele, nimechomelea, nimepaka rangi. Watu wanaingia getini, mimi nimesimama katikati ya uwanja na nyundo mkononi, uso mzima vumbi la msasa, wananiuliza, "Fundi yupo?" Nawaambia, "Yupo." Wanasema, "Tuitie." Kaka yangu amekufa na bado wapo wanaouliza. Juzi kaja mmoja na gari la harusi, nikamwambia fundi kasafiri, arudi mwezi ujao. Mchomeleaji akacheka mpaka akavua miwani.

Mkono wangu ni sawa na wake au si sawa, hakuna mtu amewahi kujua, mimi mwenyewe sijui. Kwa kiganja hatutofautiani, hilo nimeshalipima siku nyingi. Wewe unasema kiganja ni nusu. Haya, nione hiyo nusu nyingine.

Masharti yangu ni haya na hatutayajadili.

Tutaipiga mitatu yote, usije kusema mmoja ulikuwa na bahati. Mchomeleaji amepata mlango mwingine wa pikapu ya aina ileile, haujawahi kugongwa wala kunyooshwa, hata rangi yake ni ya kiwandani. Huo tutaupiga wa kwanza, ili kuwe na bati lisilopita mkononi mwa mtu. Wa kaka yangu hautapigwa tena. Utasimama ulivyo. Kimo utapima wewe, mnyororo utafunga wewe, maana hesabu hizo ni zako na sitaki visingizio. Kuachia nitaachia mimi.

Kwenye kibao cha maelezo utaandika kila mlango umepita mkononi mwa nani. Huo mwingine, andika haujapita kwa mtu. Wa baba yako, andika ni wa baba yako, tena uandike bila puti. Mitatu yangu, andika fundi ni shangazi. Ikizama kuliko wa kaka, andika hivyohivyo, sitabisha na sitalia. Isipozama, andika kwa herufi kubwa.

Usidhani yamekwisha. Uliingia stoo yangu bila ruhusa na ukabeba kitu ambacho ungeomba nisingekupa, ndiyo maana hukuomba. Hilo tutalizungumza na halitakuwa mazungumzo mafupi. Na ukifaulu tarehe 20, nitaendelea kusema ni chuo cha watu wa kukuna videvu.

Ovaroli nimeishusha nikaikung'uta. Utaivaa siku hiyo kwa sababu sitaki mtu achanwe na bati kwenye gereji yangu. Ukimaliza uirudishe kwenye msumari. Kama utakuja kuivaa tena au hutakuja, watahini watasema.

Ile salamu ya kwanza ilikuwa bado mezani. Marahaba. Ya Jumatano bado naifikiria.

Jumapili, tarehe 17, saa moja asubuhi. Gereji itakuwa imefungwa, gonga geti dogo. Mchomeleaji atakuwepo wa kushikilia fremu, mpiga rangi nimemwambia asije lakini najua atakuja. Lori la vioo litapeleka milango yote mitano chuoni Jumatatu asubuhi, mwambie huyo msimamizi wako afungue geti na aweke chai yake mbali.

Chaki usije nayo. Saa moja na robo, ukiwa hujafika, naachia mnyororo peke yangu.

Shangazi yako.